Kazi Isiyo ya Dawa

Katika kata yetu ya Kiegei, na nathubutu kusema katika wilaya nzima ya Nachingwea na kwa jirani zetu wa Ruangwa, jicho likiwa jekundu huwa na jina moja na dawa moja. Jina ni "macho", kama vile mtu anavyosema anaumwa "tumbo", na dawa ni ile tyubu ndogo ya kupaka inayouzwa dukani. Mtu haulizwi jicho lake limekuwa jekundu tangu lini, wala kwa sababu gani, wala kama bado anaona vizuri. Analipa, anapewa, anakwenda zake. Tyubu hiyo ikishindwa, anarudi na kuuziwa matone ya aina nyingine yanayosifiwa kuwa makali zaidi. Na hayo yakishindwa, ndipo safari ya hospitali huanza, na mara nyingi huwa amekwisha chelewa.

Nataka kusema katika kurasa hizi kwamba desturi hiyo inatupokonya dawa tulizonazo, na siku zitakapokwisha nguvu, watakaopofuka ni watu wa huku kwetu kabla ya watu wa mijini. Lakini sitamlaumu mwenye jicho peke yake, kama ulivyo mtindo wa wasemaji wengi. Ninaloshindana nalo ni wazo moja tu, ambalo limo kichwani mwa muuza duka, mwa mganga, mwa mtaalamu wa serikali na mwa mfadhili wa ng'ambo: wazo kwamba dawa yaweza kufanya kazi ya maji, kazi ya choo na kazi ya uchunguzi. Haiwezi. Kila tunapoilazimisha kufanya kazi isiyo yake inachakaa, kama jembe linalotumiwa kupasulia kuni.

Tuanze na huo wekundu wenyewe, maana si mmoja.

Sisi watu wa korosho tunajua kwamba mikorosho inapokaribia kutoa maua, katikati ya mwaka, salfa hupulizwa ili kuzuia ubwiriunga. Unga ule wa manjano haukai juu ya majani tu. Huingia machoni mwa mpulizaji, mwa mkewe aliye jirani naye, na mwa watoto waliokuja kutazama mashine. Jicho huwasha, hutiririka machozi na kuwa jekundu kama pilipili. Katika ugonjwa huo hakuna kijidudu hata kimoja. Tiba yake ya kwanza ni maji safi mengi, ya kumiminwa jichoni bila haraka kwa robo saa nzima, na kinga yake ni miwani na kuujua upepo unakotoka. Lakini nenda dukani wakati wa kupuliza, ukaone tyubu zinavyonunuliwa!

Wekundu wa pili huletwa na virusi. Wasomaji wanakumbuka Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na Wizara ya Afya ikalazimika kuwatahadharisha wananchi. Ugonjwa wa namna hiyo si mgeni duniani. Mwaka 1969 ulizuka Ghana, na kwa kuwa ndio mwaka ambao chombo cha Apollo 11 kilifika mwezini, watu wakauita Apollo. Dawa za kuua bakteria haziviwezi virusi. Ugonjwa huu kwa kawaida huondoka wenyewe baada ya wiki moja au mbili, na kinachozuia usienee ni kunawa mikono kwa sabuni na kutochangia taulo. Lakini kwa kuwa mgonjwa alipaka tyubu siku ya tatu na akapona siku ya kumi, sifa zote hupewa tyubu.

Wa tatu ni vikope, ambao wataalamu huuita trakoma. Huu kweli ni wa bakteria, nao haupofushi kwa siku moja. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena na tena kupitia vidole, nguo na nzi wanaofuata tongotongo, mpaka upande wa ndani wa kope unajaa makovu. Atakapokuwa mtu mzima kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake husugua kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto. Tumewaona mama zetu wakitembea na vibano vya kung'olea kope zao wenyewe.

Wa nne ni kidonda cha kioo cha jicho. Jani la mtama limekwaruza, kipande cha kuni kimeruka, jicho linauma na doa jeupe linatokea. Hapa ndipo saa zina thamani, kwa maana wako bakteria wanaoweza kukitoboa kioo hicho katika siku mbili tu. Tena kidonda kilichotokana na majani ya shambani mara nyingi huwa na ukungu badala ya bakteria, nao ukungu haujali tyubu yetu hata kidogo. Ole wake mgonjwa huyo akiuziwa yale matone yaliyochanganywa na dawa ya kutuliza uvimbe! Wekundu hupungua, maumivu hupoa, naye hufurahi, kumbe kidonda kinakula kwa raha chini yake.

Wa tano ni wa mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye kisonono. Siku chache baada ya kuzaliwa macho huvimba na kutoa usaha mwingi, na asipotibiwa upesi anaweza kupofuka kabla hajamtambua mama yake.

Basi tuna magonjwa matano. Moja halina kijidudu, moja lina virusi, moja laweza kuwa na ukungu, na yale ya bakteria yenyewe hayataki dawa ya namna moja. Dukani yote hupewa tyubu ileile.

Msomaji ataniuliza: kuna ubaya gani mtu akipaka dawa asiyoihitaji? Si ataosha tu na kuendelea na kazi zake? Ubaya upo, ila hauonekani siku hiyo. Katika pua, koo, ngozi na kope za kila mmoja wetu wamo bakteria wasio na idadi. Kati yao huwamo wachache ambao kwa maumbile yao dawa fulani haiwaui. Dawa ikipita, wale wanyonge hufa na wale wachache hubaki na shamba zima peke yao. Huzaana, na wengine huwagawia jirani zao siri ya kuishinda dawa, hata jirani wasio wa ukoo wao. Siku mwenye jicho atakapopata kidonda cha kweli, au mwanawe atakaposhikwa na kichomi, bakteria watakaomvamia ndio haohao waliokwisha kufunzwa. Huo ndio usugu. Hausababishwi na mwili wa mtu kuzoea dawa, kama tunavyoambiana vijiweni. Waliozoea ni vijidudu, na vijidudu hivyo huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila kuuliza nani alikula dawa na nani hakula.

Kisonono kimetupa mfano wa kutosha. Mwaka 1881, huko Leipzig, daktari Carl Credé alitangaza kwamba tone la nitrati ya fedha katika macho ya mtoto anapozaliwa linazuia upofu. Baadaye ikaja penisilini, na kwa muda ikaonekana kwamba habari imekwisha. Mwaka 1976 vikatangazwa vijidudu vya kisonono vyenye uwezo wa kuivunjavunja penisilini. Katika miaka ya themanini vilikuwa vimeenea Nairobi, hata madaktari waliokuwa wakitibu watoto wachanga huko wakalazimika kujaribu sindano ya seftriaksoni, dawa ghali kuliko ile ya zamani, nayo ikafaa. Lakini kila mlango unaofungwa unatuacha na milango michache zaidi, na ule uliobaki wazi kwa kawaida uko mbali na Kiegei.

Sasa nifike kwenye lawama. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba siku dawa hiyo itakapouzwa madukani, mtu asiyejua atajipa kipimo kidogo na kuwafundisha vijidudu usugu. Onyo lake lilikuwa la kweli. Lakini tangu siku hiyo wasemaji wa semina wamelishika neno lile la kutojua, wakalifanya wimbo. Wananchi hawajui! Wananchi hawana elimu! Wananchi wanatumia dawa kiholela!

Mimi nasema mkulima wa huku hajipi kipimo kidogo kwa kutojua. Anajipa kipimo kidogo kwa hesabu. Nilisimama siku moja kwenye duka ambalo jina lake halina haja hapa, nikamsikia mama mmoja akimuuliza kijana wa kaunta, "Mwanangu, hii itawatosha watoto watatu?" Kijana akajibu kwa adabu zote, "Itatosha, mama. Wapake kidogo kidogo." Hakuna mjinga katika mazungumzo hayo. Mama alikuwa na fedha ya tyubu moja, na kijana alitaka kumsaidia. Lakini tiba ya vikope kwa dawa ya kupaka ni mara mbili kwa siku kwa wiki sita, yaani mara 84 kwa kila jicho, na mtoto mmoja huhitaji tyubu mbili. Watoto watatu ni tyubu sita. Mwambie mama huyo, kabla msimu wa korosho haujafika na fedha haijaingia nyumbani, anunue tyubu sita na kumshika mtoto anayelia mara 84, halafu umwite mjinga akikomea siku ya tano macho yalipokauka!

Na wapo wanaosema, basi angekwenda hospitali. Naam, angekwenda. Sheria inasema dawa hizi zitolewe kwa cheti, na ni sheria nzuri. Lakini cheti huandikwa na mtu, na mtu huyo awepo zahanati, awe na tochi, awe amefundishwa kukunjua kope na kutazama ndani. Hata akiwepo, ni mara ngapi tumeandikiwa cheti kisha tukaambiwa dawa hakuna, kanunueni? Anayetuma watu dukani hawezi kuwashangaa kuwakuta dukani. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanza kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003 yakachukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kwa sababu serikali ilikubali ukweli huo. Kuruhusu ilikuwa sawa. Kosa ni kuruhusu bila kuhakikisha kwamba kila anayesimama nyuma ya kaunta anajua kuutofautisha wekundu wa salfa na kidonda cha kioo.

Nimesema wazo hili limo hata kwa wakubwa, na sasa nilithibitishe. Kongwa na Nachingwea ni ndugu wa zamani. Mwaka 1947 Waingereza walizichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ule mpango wao mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, wakajenga reli, wakaleta wataalamu, ila udongo na mvua hawakuviuliza. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya sitini, na leo mjini kwetu kuna kata inayoitwa Stesheni isiyo na gari moshi.

Baadaye Kongwa ikajulikana duniani kwa jambo jingine, yaani vikope. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, pamoja na Watanzania, walifanya kazi huko kwa miaka mingi. Utafiti wao mmoja, uliotangazwa mwaka 1995, ulihusu vijiji 6. Vyote vilipewa dawa ya kupaka, lakini vitatu viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Watoto waliodumu kuwa na nyuso safi walipata vikope vikali kwa uchache kuliko wenzao. Dawa ilikuwa ni ileile. Kilichozidi ni maji.

Kisha ikaja azithromaisini, dawa ya kumeza mara moja, iliyotolewa msaada na kampuni ya Pfizer kuanzia mwisho wa miaka ya tisini, nayo Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Tuseme haki: ni dawa ya ajabu. Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, karibu watu wote walitibiwa, na maambukizo yakashuka kutoka asilimia 9.5 hadi 2.1 baada ya miezi 2, na hadi 0.1 baada ya miezi 24. Habari hiyo iliandikwa mwaka 2004, na wengi wakadhani sasa vidonge vitatosha. Kongwa, penye ukame na maambukizo mazito zaidi, ilitoa jibu jingine. Dawa iligawiwa, ugonjwa ukashuka, ugonjwa ukarudi, dawa ikagawiwa tena, mwaka baada ya mwaka. Na wataalamu walipochunguza pua na choo za watoto baada ya ugawaji, walikuta bakteria wengine, wale wa kichomi na wale wa tumboni, wameongezeka usugu dhidi ya dawa ileile.

Namsikia mtu akisema: kumbe unataka wasitugawie dawa! La hasha. Kijidudu chenyewe cha vikope mpaka sasa hakijaonekana kuishinda dawa hiyo. Aidha, usugu wa wale bakteria wengine umeonekana kupungua, kule Nepali na Ethiopia, ugawaji ulipokoma. Tena utafiti uliotangazwa mwaka 2018, uliofanywa Niger, Malawi na hapa kwetu Kilosa, ulionyesha kwa jumla vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa karibu asilimia 14 walipopewa dawa hiyo. Anayetaka kuitupa dawa ya namna hiyo hana watoto. Hoja yangu ni kwamba kwa sababu ni ya thamani, isipewe kazi ya milele. Dawa ni ya kupunguza moto ili watu wapate nafasi ya kuondoa majani makavu. Tukikaa tu kila mwaka kumwaga ndoo moja juu ya moto uleule, ipo siku ndoo itakuwa tupu.

Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wenyewe una nguzo nne: upasuaji wa kope zilizojikunja, dawa, usafi wa uso, na mazingira, yaani maji na vyoo. Mwaka 1998 mataifa yaliazimia kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulipita, wakaandika 2030. Malawi, jirani yetu ambaye si tajiri kutushinda, ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeshinda. Tujiulize kwa nini nguzo inayokumbukwa upesi ni ile inayokuja ndani ya boksi, inayohesabika na kupigwa picha. Kisima hakipandi ndege. Choo hakina uzinduzi wa kupendeza. Lakini nzi anayebeba vikope huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, na hakuna kidonge kinachofunika kinyesi.

Maji ya chemchemi ya Mbwinji yanafika miji ya Masasi na Nachingwea, na wenzetu wa mjini wamepata nafuu kubwa. Huku vijijini, kiangazi kikikaza, mama anayeteka ndoo kwa kusubiri kisima kitone upya hufanya hesabu nyingine tena: maji ya kupikia, ya kunywa, na kama yatabaki, ya uso wa mtoto. Mara nyingi hayabaki. Mwaka 2017 serikali yetu ilizindua mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, na mwingine ukafuata wa mwaka 2023 hadi 2028. Naunga mkono mipango hiyo. Lakini naomba ielezwe waziwazi kwamba kisima cha Kiegei kimo katika mapambano hayo sawasawa na maabara ya Muhimbili.

Basi nadai nini? Sidai makubwa.

Kwa muuza duka: uliza maswali matatu kabla hujatoa tyubu. Je, jicho linauma sana? Je, unaona kama kawaida? Je, limekwaruzwa na kitu, au kuna doa jeupe? Jibu moja likiwa baya, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, usimuuzie kitu. Mwambie aende hospitali leo, si kesho. Matone yenye dawa ya kutuliza uvimbe yasiguswe bila cheti, hata kama mteja ni shemeji yako.

Kwa zahanati: kuwe na tochi, na kuwe na mtu aliyefundishwa kuitumia. Kila mtoto anayezaliwa apakwe dawa macho yake, na kila mama mjamzito apimwe magonjwa ya zinaa pamoja na mumewe, maana jicho la mtoto hulindwa kabla hajazaliwa. Hospitali za wilaya ziwezeshwe kuotesha usaha na kujua ni dawa gani bado inaua nini. Bila kipimo hicho daktari anapiga ramli, ingawa amevaa koti jeupe.

Kwa vyama vyetu vya ushirika: kila mfuko wa salfa uambatane na miwani. Kama twaweza kukatwa fedha za korosho kwa shughuli chungu nzima, tukatwe na hii.

Kwa halmashauri: siku ya kugawa vidonge, pale mnapowasimamisha watoto kwenye kijiti cha kupimia urefu ili kujua kipimo cha dawa, andikeni pia katika daftari kaya hiyo iko umbali gani na maji, na kama ina choo. Daftari hilo lisomwe kwenye kikao cha baraza la madiwani pamoja na idadi ya vidonge vilivyogawiwa. Tutaona haraka ni namba ipi inayopanda na ni ipi iliyolala.

Na kwa wewe msomaji, tyubu iliyoko juu ya dirisha la nyumba yako, iliyobaki tangu mwaka jana, ambayo jirani akija kulalamika macho unamkopesha kwa wema, itupe. Si wema huo. Mpe jirani maji, mpe nauli, mpe mtu wa kumsindikiza. Hivyo ndivyo jicho lake litakavyopona, na dawa itabaki na nguvu zake kwa siku ambayo mwanao ataihitaji kwelikweli.